Picha Yangu Kwenye Simu ya Mtu wa Posta

Leo nimeaibika mbele ya foleni nzima ya posta. Nimeaibika nikiwa nimesimama wima, nimenyoosha kidole na sauti nimeipandisha. Naandika mwenyewe kabla hamjaletewa na wengine, kwa sababu kwenye ile foleni kulikuwa na Mkenya, na nyie mnajua jinsi habari za Mkenya hapa Doha zinavyofika Al Khor kabla mwenyewe hajafika kwake.

Nianze mwanzo.

Mnakumbuka tulipokuwa tunakaa Fereej Bin Mahmoud, kwenye ghorofa. Kule kazi yangu ilikuwa kuingia na kutoka tu. Kulikuwa na haris, yule mlinzi wa jengo, na kila kitu kilikuwa juu yake: taa za ngazi, lifti, masanduku ya barua pale chini, hadi paka. Mwaka jana tukahamia Umm Salal, kwenye nyumba ya mzee mmoja Mkatari aliyeigawa mara mbili. Sisi tuko chini, mimi na Baba Ivy na Ivy mwenyewe. Juu anakaa Prossy, Mganda, dada mpole wa miaka thelathini na kitu. Prossy alisomea uuguzi kwao, halafu maisha yakamleta huku kufanya usafi katika shule moja. Miaka minane sasa anafagia madarasa ya watu.

Mwenye nyumba alipotupa mkataba kulikuwa na mstari mmoja humo unaosema mpangaji wa chini ndiye atakayetunza mbele ya nyumba: geti, mita ya maji na sanduku la barua. Niseme ukweli, mstari ule niliupenda kuliko nyumba yenyewe. Mimi kazini ni mtu wa mapokezi. Siku nzima naambiwa nifanye hivi, nifanye vile. Hapa nimepewa cheo na karatasi juu. Wiki hiyohiyo niliandika sheria za nyumba kwa kalamu nene nikazibandika ukutani kwenye ngazi. Viatu vikung'utwe nje. Nguo zisianikwe upande wa barabarani. Taka zitolewe Jumapili na Jumatano. Baba Ivy alizisoma mara mbili, akaniuliza kama chooni ataingia kwa pasipoti. 

Sasa, tangu Januari upepo wa huku umekuwa ukipiga. Si ule wa kukufanya ufunge madirisha na kuomba Mungu. Ni ule wa kila siku, unaokuletea mchanga kidogo kidogo mpaka unaukuta ndani ya sukari. Mimi kila asubuhi kabla ya kwenda kazini nilikuwa nafagia sehemu ya gari na njia ya geti. Nafagia vizuri kabisa, mpaka tailisi zinang'aa. Mchanga nilikuwa nausukuma nje ya geti, kushoto, kwenye kona ya ukuta, mahali ambapo hausumbui mtu.

Leo nilikuwa na siku ya mapumziko. Baba Ivy kaenda kazini na gari, Ivy kaenda shule, mimi niko na chai yangu. Nikasikia mlango unagongwa, lakini kule kugonga kwa mtu anayetumaini hutasikia. Nikafungua. Ni Prossy, leo kaomba ruhusa kazini, kashika simu kwa mikono miwili kama sahani ya mchuzi.

Akanieleza polepole. Kuna kliniki moja imekubali kumchukua kama muuguzi msaidizi. Wanachotaka ni cheti chenyewe cha chuo, si nakala, na wanakitaka Jumapili asubuhi. Chuo chake kule Kampala kilikuwa kimekaa na kile cheti miaka yote, na baada ya kusumbuliwa sana na dada yake, kikakituma kwa posta. Bahasha imefika Doha wiki tatu zilizopita. Lakini haimfikii. Kwenye simu kuna maandishi ambayo hayaelewi vizuri, na kwa kuwa mimi nafanya kazi ya mapokezi, labda naweza kumsomea.

Nikasoma. Ilikuwa imeandikwa kwamba bahasha imepelekwa nyumbani mara nne, na mara zote nne jibu ni moja: sanduku halifikiki.

Nikasoma tena. Halifikiki.

Jamani, damu ilinipanda. Halifikiki vipi? Nyumba iko kando ya barabara ya lami. Ina namba. Geti limepakwa rangi. Na mbele ya nyumba panatunzwa na nani? Na mimi. Nilichukulia lile neno kama tusi lililoandikwa na serikali.

(Mtu mwenye akili angetoka nje akaangalia lile sanduku. Ni hatua kumi na tano kutoka mlangoni kwangu. Lakini sanduku lenyewe liko upande wa nje wa ukuta, kushoto ukitoka, na mimi huwa natoka na gari nikikata kulia. Barua zangu zote siku hizi zinakuja kwenye simu. Sijui mara ya mwisho nililitazama lini.)

Nikamwambia Prossy avae viatu, tunaenda posta. Nikavaa lile koti langu la bluu la mahojiano. Tukaita teksi, ikasimama mbele ya geti upande wa kulia, tukapanda.

Njiani nilikuwa napanga maneno. Nilipanga nianze taratibu, niwaulize kazi yao ni nini hasa, halafu nipande kidogo kidogo. Prossy alijaribu kusema kitu mara mbili. Mara ya kwanza alisema, "Mama Ivy, lile sanduku..." nikamwambia asiwe na wasiwasi. Mara ya pili alisema, "Mimi nafikiri pale nje kuna..." nikamwambia aniachie mimi, watu wa kaunta nawajua, mimi mwenyewe ni wa kaunta. Akaangalia dirishani.

Posta kulikuwa na foleni. Watu kama kumi hivi, wengi wao wanaume wa kazi, na mabibi wawili wa Kifilipino wenye maboksi makubwa. Nilichukua namba kama mstaarabu. Nikasubiri kama mstaarabu. Ustaarabu ukaniishia nilipofika kwenye kioo.

Kijana wa kaunta aliangalia namba ya bahasha, akasema kwa upole kwamba mleta barua alishindwa kufikia sanduku. Nikamwambia hilo nimelisoma, sikuja kusomewa. Nikaanza hotuba. Nilisema kuna mtu hapa ana miaka minane anangoja nafasi moja, na nafasi yenyewe inafungwa Jumapili. Nilisema kama mtu wenu ni mvivu kushuka kwenye gari, aseme ni mvivu, asiandike kwamba nyumba yetu haifikiki. Nilisema mengi. Nilipogeuka kidogo nikaona foleni nzima imeacha simu zao inanisikiliza, na wala sikuona haya. Nilijiona nimewasemea wanyonge wote wa Doha.

Akatoka mudir, meneja wao, mtu mzima mwenye miwani na adabu nyingi. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akaniuliza swali moja tu. Kwenye nyumba ile, ni nani mwenye jukumu la mbele ya nyumba?

Nikanyoosha mgongo. Nikasema, "Mimi."

"Ni wewe peke yako?"

"Mimi peke yangu. Iko kwenye mkataba."

Mudir akatikisa kichwa polepole, kama daktari aliyeona majibu kabla ya mgonjwa. Akaita jina fulani kuelekea nyuma. Akatoka mwanamume mfupi, Mnepali, sare ya posta, mfuko wa barua begani. Anaitwa Dilip. Alikuwa anachechemea mguu wa kulia. Mimi moyoni nikasema, ndiyo maana, wamempa kazi ya kutembea mtu asiyeweza kutembea. (Naandika hili nikiwa nimejifunika uso kwa mkono mmoja.)

Mudir alimwambia kitu. Dilip akatoa simu yake ya kazi, ile wanayopigia picha kila wanaposhindwa kufikisha, akaiweka juu ya kaunta iliyokuwa mbele yangu.

Picha ya kwanza ilikuwa ya mlima wa mchanga. Nasema mlima kwa sababu ulikuwa na kilele. Umeegemea ukuta, umepanda mpaka shingoni mwa kasha fulani la chuma. Mbele yake kuna pipa la taka la magurudumu, limezama nusu. Juu yake limeangukia tawi la bogenvilia, lile ua la zambarau lenye miiba. Nikamwambia mudir kwamba nyumba hiyo inasikitisha, lakini si yetu.

Dilip akaikuza ile picha kwa vidole viwili. Ikatokea namba ya nyumba. Ni yetu.

Nikasema labda ilikuwa siku moja ya upepo mkali. Akasogeza. Picha ya pili, wiki iliyofuata, mlima uleule umeongezeka. Nikasema huo ni upepo, na upepo huwezi kuushtaki. Mudir akakubali kwamba upepo hauwezi kushtakiwa. Dilip akasogeza tena.

Picha ya tatu nilikuwamo mimi.

Nimesimama pale nje kwenye kona, mgongo nusu, uso nusu, nimevaa dera langu la maua makubwa, kichwani kofia ya plastiki ya kuogea, miguuni soksi za Baba Ivy. Mikononi nina ufagio. Na ufagio huo unausukuma mchanga, wimbi zima la mchanga, moja kwa moja juu ya sanduku la barua. Uso unaonekana una furaha. Sijawahi kupigwa picha nikionekana nina furaha kiasi kile, hata ya harusi.

Nikajisikia nikisema kwamba yule mwanamke simjui.

Nyuma yangu sauti ya kiume ikasema kwa Kiswahili safi cha Nairobi, bila haraka, "Ni yeye kabisa. Angalia ile shingo."

Foleni ikacheka. Hawakucheka kwa ubaya, lakini walicheka wote, hata wale ambao Kiswahili hawakijui. Picha haikuhitaji mkalimani. Mabibi wa Kifilipino waliinama juu ya maboksi yao mabega yakitikisika. Kijana wa kaunta aligeuka akapanga karatasi ambazo tayari zilikuwa zimepangwa.

Nikamtazama Prossy nikitegemea naye anacheka. Hakuwa anacheka. Alikuwa ameangalia sakafu, ameona haya kwa niaba yangu, na hilo ndilo lililonimaliza.

Ili nitoke kwenye ile hali nikamuuliza Dilip, kwa heshima ya ghafla, mguu wake umefanya nini. Alisita. Mudir akajibu kwa niaba yake. Alisema mara ya kwanza Dilip hakupiga picha, alijaribu kupanda. Aliona bahasha ina jina la mtu na mhuri wa chuo, akafikiri ni kitu cha maana, akapanda ule mchanga ili afikie tundu la sanduku. Mchanga ukamporomokea, akaanguka na goti kwenye ukingo wa barabara. Alikaa siku mbili nyumbani. Alipotakiwa kuandika ripoti, aliandika kwamba aliteleza.

"Ningeandika nyumba," Dilip akasema, "manispaa wangekuja kwa mwenye nyumba. Mwenye nyumba angekuja kwa mpangaji. Nikaona basi."

 Mimi, mtu niliyekuwa na hotuba ya dakika sita, nilibaki na "pole" moja. Nikaisema. Ilionekana ndogo sana juu ya ile kaunta.

Basi nikauliza bahasha iko wapi. Mudir akasema imeshatiwa kwenye mfuko wa vitu vinavyorudishwa vilikotoka, na mfuko unaondoka leo jioni. Kukabidhi pale kaunta haiwezekani, maana bahasha ya namna ile hupelekwa kwenye anwani iliyoandikwa. Lakini mfuko bado uko ndani. Angeweza kuutoa, ampe Dilip kwenye mzunguko wake wa mchana, safari moja ya mwisho. Saa nane atakuwa Umm Salal. Akikuta sanduku linafikika, ataitia. Akikuta halifikiki, inarudi Kampala, na yeye kama mudir atakuwa amefanya alichoweza.

Saa ilikuwa inakaribia sita.

Teksi ya kurudi ikapita mzunguko wa kwanza wa barabara. Kisha nikamuuliza Prossy kama aliuona ule mchanga.

"Niliuona, Mama Ivy."

"Tangu lini?"

"Mwezi uliopita."

"Na hukuniambia?"

Akaangalia mikono yake. "Wewe ndiye unajua mambo ya nyumba. Nilifikiri labda umeuweka hapo kwa sababu."

Nikamwambia hakuna mtu anayeweka mchanga juu ya sanduku la barua kwa sababu. Akatabasamu kidogo. Halafu, kwa vile nilikuwa nimenyamaza kweli mara hii, akasema yaliyobaki. Mara mbili aliamka alfajiri kabla ya basi la shule, akashuka na kizoleo chake, akauondoa mchanga peke yake mpaka tundu likaonekana. Mara zote mbili aliporudi jioni alikuta umejaa tena. Alidhani ni upepo. Baadaye akaniona kupitia dirishani nikifagia, akajua.

"Na siku ile uliponigombeza kwa viatu," akasema, "ulikuwa mchanga wa pale."

Naikumbuka siku hiyo. Nilimkuta kwenye ngazi viatu vimejaa mchanga. Nikamsimamisha mbele ya ile karatasi ya ukutani nikamwonyesha kwa kidole sheria ya kwanza. Alisema samahani. Akavua viatu, akapanda juu miguu mitupu. Mimi nikachukua ufagio nikaufagia ule mchanga wake kutoka kwenye ngazi, nikausukuma nje ya geti, kushoto.

Dereva wa teksi alikuwa Mhindi, hakuelewa neno, lakini nadhani aliona uso wangu kwenye kioo, maana alipunguza sauti ya redio.

"Ungeniambia tu, Prossy," nikasema.

Akafikiri kidogo. "Nilijaribu asubuhi, mle kwenye teksi."

Tulifika saa sita na nusu. Kwa mara ya kwanza tangu tuhamie, nilitoka getini nikakata kushoto bila ufagio, nikatazama. Picha zilikuwa zimenionea huruma. Ule mchanga ulikuwa umeshikana kwa umande wa asubuhi za baridi na kukauka juu, mgumu kama keki iliyosahaulika. Kasha la sanduku lilionekana paji la uso tu.

Nyumba yetu haina koleo. Nani wa Doha ana koleo? Prossy akaleta kizoleo chake na ndoo. Mimi nikaleta kizoleo changu, kikavunjika mpini kwenye safari ya tatu, nikaenda kuchukua sufuria ya ugali. Ndiyo, ile kubwa. Koti la bluu nililitundika getini. Majirani wa upande wa pili, familia ya Kisudani, walitoka wakatuangalia, wakarudi ndani, wakatoka tena na viti.

Wakati nachota nikamkumbuka kaka yangu aliye Marekani. Huko kwao kila majira ya baridi mwenye nyumba anatakiwa aondoe theluji mbele ya sanduku lake la barua, la sivyo mleta barua anapita tu, na sheria iko upande wa mleta barua. Alinitumia video akichimba, pua nyekundu. Kosa kubwa la watu wa mtaani kwake, alisema, ni kusafisha njia ya gari na kuilundika theluji yote palepale penye sanduku. Nilimtumia vikaragosi vya kucheka kumi na viwili. Nikamwambia watu wa huko wana akili gani.

Prossy anachota kama mtu anayejua kazi. Aliniambia nisichote kutoka juu, nianzie pembeni, na mchanga niupeleke ng'ambo ya ukingo kwenye kile kiwanja kitupu, kwa ndoo, usisukumwe. Ukiusukuma, alisema, unaujengea ukuta. Miaka minane anaondoa mchanga kwenye uwanja wa shule. Ningemuuliza Januari ningejua Januari.

Saa saba na nusu sanduku lilikuwa limetoka mpaka kifuani. Lilibaki lile pipa la taka lililokuwa mbele yake. Nikamwambia Prossy akae pembeni, hilo ni langu. Nikalishika mpini, nikaweka mguu kwenye ukuta, nikavuta kwa nguvu zangu zote na aibu yangu yote. Gurudumu moja likang'oka. Pipa likaja lote kwa pamoja. Mimi nikaenda kinyumenyume mpaka kwenye lile tawi la bogenvilia nililokuwa nimelivuta kando dakika ishirini kabla, nikalikalia.

Sitaeleza zaidi. Mnaoijua miiba ya bogenvilia mnajua.

Katika hali hiyo, nimekaa juu ya miiba, sufuria ya ugali mkononi, pipa limenilalia mapajani, gari la posta likasimama. Ilikuwa bado dakika kumi saa nane. Dilip alishuka na mguu wake. Aliniangalia. Aliangalia pipa. Kisha akaja akalitoa mapajani mwangu, akanipa mkono, akaniinua. Goti lile bovu ndilo alilolitegemea, nililiona likitetemeka.

Nikamwambia asubiri kidogo, bado kuna mchanga chini. Akasema hapana, inatosha. Akasogea mpaka penye sanduku kwa hatua tano za kawaida, kama mtu anayetembea sebuleni, akaitia bahasha kwenye tundu. Ikaingia ikatoa sauti ndogo. Akatoa simu, akapiga picha. Akanigeuzia ile skrini niione. Sanduku, peupe, na pembeni mkono wangu tu umeingia. Alikuwa amehakikisha nisionekane.

Ufunguo wa sanduku ulikuwa kwangu, bila shaka. Nikalifungua. Mbele ilikuwepo bahasha ya Prossy. Nyuma yake kulikuwa na karatasi moja ya zamani, ya Desemba, iliyoandikwa kwa mkaaji wa nyumba, ikiwakumbusha wote kwa lugha ya upole sana kuweka wazi mahali penye sanduku wakati wa upepo, kwa usalama wa wanaoleta barua. Dilip aliiona. Alijifanya hajaiona.

Prossy hakuifungua bahasha haraka. Alifuta mikono kwenye sketi yake, kwanza viganja, kisha nyuma ya viganja. Alipokitoa kile cheti alikisoma chote, mpaka saini, midomo ikitembea. Halafu akakaa chini, palepale ukingoni, akakilaza mapajani na kukifunika kwa mikono yote miwili upepo usikichukue. Alisema kitu kwa Kiganda. Sikumwuliza ni nini.

Nikamwambia Dilip aingie walau anywe chai. Akakataa, ana nyumba nyingine thelathini. Akaweka mfuko begani. Akaniuliza, kwa upole uleule wa mudir wake, kama kuanzia kesho ningeweza kufagia kuelekea upande ule mwingine.

Nikamwahidi.

Alipoondoka nilimgeukia Prossy nikaanza kuomba msamaha. Nilianza vizuri. Kisha nikaona najieleza: kazi nyingi, upepo, mtoto. Nikaacha. Nikasema, "Nimekukosea, na zaidi ya mara moja."

"Ndiyo," akasema. Hakusema hapana, wala hakusema si kitu. Alisema ndiyo, akaliacha neno likae. Kisha akakirudisha cheti kwenye bahasha, akasimama, akasema tumalizie huu mchanga uliobaki kabla upepo haujaanza kupiga tena. Tukamalizia.  Alipopanda juu mimi nilibaki nje nikivuta tawi, na wale Wasudani wakarudisha viti vyao ndani.

Sasa ni saa kumi na moja jioni. Nimelala kifudifudi kwenye kochi. Baba Ivy ananitoa miiba kwa kibano, anahesabu kwa sauti, amefika kumi na tisa, na kila mmoja anaupa jina. Ivy anasoma karatasi ya posta kwa sauti kubwa kwa kuwa mwalimu kawaambia wasome chochote wanachokiona nyumbani. Kesho nitanunua koleo. Jumapili nimeomba kuingia kazini saa moja baadaye ili nimpeleke Prossy kliniki kwa gari, na nimeahidi kwamba mle ndani nitakaa kwenye kiti nikae kimya, aseme mwenyewe.

Na atakayenicheka, acheke akishamaliza kufagia mbele ya kwake.